Mwezi wa tano, watoto na ndoana: namna tunavyokwenda kuvua Birava

Mwaka wa kwanza tulirudi na samaki watatu na mtoto mmoja aliyetetemeka mpaka meno yanagongana. Furaha alikuwa na miaka sita. Tuliondoka Bukavu saa mbili asubuhi badala ya saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa yaya, ndugu yangu mkubwa, alikuwa bado anafunga chakula na shemeji anatafuta mafuta ya gari. Birava, ukingoni mwa Ziwa Kivu, tulifika jua limekwisha kuwa kali. Hata hivyo nikamwambia mzee mwenye mtumbwi atupeleke mbali, kule maji yanakokuwa buluu nzito, maana niliamini samaki mkubwa hukaa mbali na watu. Saa saba mchana upepo ukaamka. Mzee, ambaye tangu tulipopanda alikuwa akitusimulia habari za kwao, kisiwani Idjwi, akanyamaza na kuanza kuvuta kasia kwa nguvu zote. Ukimya wake ulinitisha kuliko mawimbi.

Tulifika nchi kavu salama. Mtoto akafungwa kitenge cha mama yake, usiku akapata homa, na mimi sikulala.

Ni miaka tisa sasa. Tumerudi karibu kila mwaka, isipokuwa pale barabara au usalama ulipotukatalia, na nimebadilisha karibu kila kitu. Badiliko lililozaa mengine yote ni hili: safari ya kuvua na familia naipima kwa mtu aliye dhaifu kuliko wote. Muda anaoweza kuvumilia juani ndio muda wa safari. Mahali anapoweza kutolewa majini upesi ndipo mahali pa kuvulia. Mwenye hamu ya kwenda mbali atafute siku yake, bila watoto.

Tunachagua wiki ya mwisho ya mwezi wa tano. Mvua inakuwa imeanza kuchoka, njia ya kutoka Mudaka kwenda Birava haina tena matope ya kumeza gurudumu, na upepo mkali wa kiangazi bado haujashika ziwa. Pia watoto hawajabanwa na mitihani ya mwisho wa mwaka. Ukingoja mwezi wa saba utapata anga safi, lakini ziwa linakuwa na hasira tangu asubuhi.

Siku hizi tunalala hukohuko kwa ndugu, jioni ya kabla. Alfajiri Kivu linatulia kama mafuta kwenye sahani. Jua likishapasha milima, upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, na kufikia mchana mtumbwi mdogo unayumba. Sisi saa kumi na mbili tuko majini, saa nne na nusu tumetoka. Samaki wakiwa wanauma sana saa nne na nusu, tunatoka hivyohivyo. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na hapo ndipo shemeji zangu hunikasirikia kila mwaka.

Kuhusu umbali, mzee yule wa Idjwi ndiye aliyenifundisha, siku nyingine tuliporudi kumsalimia. Aliniambia, "Baba Furaha, kule ulikotaka twende hakuna samaki wa ndoana." Baadaye nilisoma sababu yake. Kivu lina kina cha karibu mita 480, lakini hewa ambayo samaki anaihitaji ipo kwenye mita 60 hivi za juu tu. Chini ya hapo ni maji yasiyo na uhai wa samaki. Na katikati ya ziwa wanaoishi ni sambaza, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, ambao huvuliwa usiku kwa taa na wavu. Tilapia na kambare, ambao mtoto anaweza kuwavuta kwa mwanzi, wako pembeni, kwenye matete, mawe na mchanga. Siku ile niliwapitia wote nikiwakimbilia wasiokuwepo.

Kwa hiyo tunavua mita ishirini au thelathini kutoka ukingoni, na mara nyingi hatupandi mtumbwi kabisa. Lakini kuwa karibu na ukingo hakufanyi maji yawe mafupi. Pwani za Kivu zina kawaida ya kudondoka ghafla: hatua mbili maji yapo magotini, ya tatu huoni mguu. Kabla watoto hawajashuka mimi huingia na fimbo ndefu, napima, kisha naweka jiwe kubwa mahali pa mwisho pa kusimama. Mtoto akivuka jiwe hilo, mwanzi wake unawekwa chini mpaka kesho.

Na jaketi la kuokolea, lile tunaloita jile, halina mjadala. Kila anayepanda mtumbwi avae lake, na avae akiwa bado nchi kavu. Lijaribu kwanza kwenye maji ya kiunoni: mwinue mtoto kwa mabega ya jile, likipanda mpaka masikioni ni kubwa, na siku ya ajali litabaki juu peke yake. Sisi hatukuwa na uwezo wa kununua yote mara moja. Tulianza na mawili ya watoto, tukaazima mengine, na watu wazima wasio na jile walibaki ukingoni. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaa watu kutoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, ikiwa karibu kufika. Kila mtu wa pande zetu anamjua mtu aliyempoteza mtu. Sioni tena jinsi ninavyoweza kumweka mtoto wa mwenzangu ndani ya mtumbwi bila jile halafu nimwangalie mama yake usoni.

Mtumbwi nao una dalili zake. Watu wakishakaa wote, angalia ukingo: ubaki juu ya maji shibiri mbili kamili. Ukiwa chini ya hapo, mtu mmoja ashuke. Kopo la kutolea maji liwepo na liwe limefungwa kwa kamba. Jambo ambalo naona watu wengi hawalifanyi ni kupatana na mwenye mtumbwi tangu jioni kwamba neno la kurudi ni lake, na kwamba atalipwa bei yote hata akiwarudisha baada ya nusu saa. Mvuvi anayeogopa kupunguziwa fedha ataendelea hata pale moyo wake unapomwambia arudi. Mwondolee hofu hiyo, atakulindia watoto.

Vifaa si vya gharama. Mianzi tunakata kijijini, urefu wa mtu mzima mara moja na nusu. Nailoni nyembamba, ndoana ndogo, chubwi moja ya risasi, na boya la kipande cha ndala iliyochakaa. Nyungunyungu wanachimbwa chini ya migomba, pale udongo ulipo mweusi na wenye unyevu, na hiyo kazi wapeni watoto jioni, wataifurahia kuliko uvuaji wenyewe. Wakikosekana, bugali uliokandwa na kuwa mgumu unafaa kwa tilapia.

Ndoana za watoto nazibana kwa koleo ile miba ya nyuma mpaka ilale. Nilianza baada ya Baraka, mtoto wa yaya, kuchomwa sikioni na ndoana ya binamu yake aliyerusha bila kutazama nyuma. Ilikuwa na miba, na haikutoka mpaka tulipofika kituo cha afya, ambako alidungwa na sindano ya pepopunda. Ndoana isiyo na miba inapoteza samaki mmoja mmoja, ni kweli, lakini inatoka kwenye ngozi kama ilivyoingia. Anayerusha ni mmoja kwa wakati, na anasema kwa sauti, "Narusha!" Watoto wote wanavaa kofia.

Kuna jambo naliomba kwa moyo wote. Tilapia jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni. Mwaka wa nne Furaha alivuta mmoja mzuri, wa kiganja na nusu, na alipomshika wakaanza kudondoka vitoto vidogo kama mbegu za mchicha, kwenye mkono wake na ndani ya mtumbwi. Alilia. Tuliwachota kwa kopo na kuwarudisha, na mama yao pia, ingawa sijui ni wangapi walioishi. Tangu hapo jike mwenye mdomo uliovimba anarudishwa bila kusubiri picha. Na yule kijana atakayekuja kukuuzia ndoo ya vitoto vilivyokombwa kwa chandarua cha mbu, tafadhali usinunue. Najua kuna njaa nyumbani kwao. Nunua ndizi zake, nunua maparachichi, lakini ndoo ile ni samaki wa mwaka kesho. Ukifika, uliza pia kamati ya wavuvi wa mahali kama uvuvi umefungwa kipindi hicho, na mahali gani wanapalinda kwa mazalio. Beba kadi ya mpiga kura kama kitambulisho. Mpaka na Rwanda umepita humohumo majini, sababu nyingine ya kukaa karibu na ukingo.

Rafiki yangu wa Lubumbashi, aliyezoea samaki wa bahari waliogandishwa wanaofika kwao kwenye makatoni, alipokuja mara ya kwanza aliuliza kama ziwa halitalipuka tukilitupia chubwi. Swali si la kuchekwa. Ziwa Nyos, Kamerun, liliua watu zaidi ya 1,700 mwaka 1986 kwa hewa ukaa iliyotoka chini. Kivu nalo lina hewa ukaa chini, pamoja na methane inayowaka, lakini gesi hiyo imebanwa na uzito wa maji, nyingi yake chini ya mita 260, wala mwanzi wa mtoto haugusi huko. Upande wa Karongi, Rwanda wanaivuta methane na kuitengenezea umeme. Lakini mkiwa mnavua upande wa Goma na Sake, hatari iliyo karibu yenu ni mazuku, yaani hewa ukaa inayotoka ardhini. Hewa hiyo ni nzito, haina harufu, inajilaza kwenye mashimo na mabonde ya mawe ya lava, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Msitandike mkeka shimoni hata kama kuna kivuli kizuri, na mtoto asiende kujisaidia kwenye bonde peke yake. Waulizeni wenyeji wapi mbuzi walikufa.

Jioni, ukiweza, waache watoto wachelewe kulala. Mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu inatoka kwenda sambaza, wavuvi wanaimba ili makasia yaende pamoja, na giza likiingia taa zinawaka kama mji mwingine juu ya maji. Usije wakati wa mwezi mpevu, kwa kuwa mwanga wa taa hauvuti samaki na wavuvi wengi hupumzika. Alfajiri wanarudi, na ndoo moja ya sambaza inaokoa safari ambayo ndoana hazikupata kitu. Osha, chumvi, mafuta ya mawese ya moto sana, dakika chache, halafu ndimu na pilipili. Wanaliwa kichwa na yote.

Mwaka jana mama yangu alisema naye atakuja. Ana magoti mabaya, na mtumbwi hawezi kupanda. Kipimo cha safari kikawa yeye. Hatukukodi mtumbwi. Furaha, ambaye sasa ni mrefu kuliko mama yake, alimbeba bibi mgongoni kutoka barabarani, akamweka kwenye kigoda chini ya mkaratusi karibu na matete, akamfungia nyungunyungu. Saa nne na nusu nilipotangaza kwamba tunatoka, mama alikuwa na tilapia watano kwenye beseni, na macho hayakuondoka kwenye kile kipande cha ndala.

"Nyamaza kidogo," akaniambia. "Huyu wa sita anakusikia."