Nyanya Zinazooza Kitako Ndani ya Bidoni

SWALI: Tunakaa Goma, mahali ambapo lava ya Januari 2002 ilipita, na parseli yetu ni mawe matupu. Nilikata bidoni sita za lita 20, nikaweka mawe chini ili maji yapite vizuri, nikajaza udongo uliochanganywa na samadi, kisha nikapanda nyanya. Miche imenawiri sana, lakini matunda, yakiwa bado mabichi, yanapata doa jeusi lililobonyea upande wa kitako. Maji tunayachota mbali, kwa hiyo ninamwagilia mara mbili kwa juma, ila kwa wingi. Jirani anasema ni ugonjwa na ameniletea dawa ya kupuliza. Niitumie? (Mama wa watoto wanne, Goma)

JIBU: Mama, mrudishie jirani dawa yake kwa shukrani. Kuoza huko hakuletwi na mdudu wala na kuvu, na hakuambukizi mche wa jirani yake. Tunda la nyanya huhitaji madini yaitwayo kalisi ili ngozi yake ijengeke, na kalisi hiyo husafiri pamoja na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi. Udongo ukikauka siku tatu kisha ukafurikishwa kwa mara moja, safari hiyo hukatika, na kitako, ambacho ndicho sehemu ya tunda iliyo mbali zaidi na kikonyo, hukosa fungu lake na kufa. Katika shamba mizizi ingejitafutia unyevu chini zaidi, lakini ndani ya bidoni haina pa kwenda.

Kwa hiyo maji yale yale unayoyamwaga mara mbili kwa juma yagawe kwa siku zote, asubuhi, na uchomeke kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia: ukihisi ubichi kwenye pingili ya pili, subiri. Tandaza juu majani makavu ya mgomba, kwa maana jua la Goma, ingawa mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi na hewa yake ni ya ubaridi, hukausha udongo wa bidoni upesi kuliko tunavyodhani. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa kabisa. Ya sabuni ya kufulia usiyatumie.

Sasa kuhusu mawe ya chini, ambayo karibu kila mtu huyaweka, nami niliyaweka kwa miaka. Maji hayatoki kwenye udongo laini na kuingia katika nafasi pana za mawe mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, na matokeo yake ni kwamba tope hubaki pale pale mizizi ilipo, huku wewe umepoteza kina cha udongo. Yaondoe utakapopanda tena. Toboa matundu matano au sita kwenye kitako cha bidoni kwa msumari wa moto, uinue bidoni juu ya vipande viwili vya mawe, na kama unataka lava ikusaidie, iponde iwe changarawe ndogo yenye vitundu, uichanganye na udongo wote.

Samadi nayo niliitilia shaka niliposoma kwamba miche imenawiri sana. Samadi mbichi husukuma majani kukua haraka, na majani hayo hunyang'anya tunda maji. Tumia iliyooza mpaka ikapoteza harufu. Maganda ya mayai, ambayo watu huyasifu kwa kalisi yake, huyeyuka polepole mno. Hayataokoa nyanya za msimu huu. Matunda yaliyokwisha kuoza yachume ili mche usiyalishe bure.

SWALI: Mimi ni mpangaji, nina mabeseni mawili tu yaliyopasuka. Nipande nini? (Mwanafunzi, Goma)

JIBU: Panda lengalenga, yaani mchicha. Udongo wa kina cha sentimita 20 unaitosha, mpasuko wa beseni utakuwa tundu la kutolea maji, na baada ya majuma manne hivi utaanza kuvuna. Usiing'oe: ikate ukiacha kisiki chenye majani machache, nayo itachipua tena. Ukihama, beba mabeseni yako.