Elektroni ya Nane Imetoka Wapi? Ushauri kwa Anayekokotoa Namba za Uoksidishaji

Nikiwa kidato cha tano niliandika katika daftari la mazoezi kwamba namba ya uoksidishaji ya manganizi katika ioni ya pamanganeti, MnO₄⁻, ni +8. Hesabu niliiona safi kabisa: oksijeni nne, kila moja −2, jumla −8, basi manganizi lazima iwe +8 ili mambo yaishie sifuri. Mwalimu hakunikosoa kwa alama ya mkasi, bali aliandika pembeni swali moja tu: "Elektroni ya nane imetoka wapi?" Ilinichukua jioni nzima kutambua kwamba nilikuwa nimeisahau ile alama ndogo ya kutoa iliyo juu ya fomula, ambayo inadai jumla iwe −1 wala si sifuri, na kwamba jibu sahihi ni +7. Manganizi ipo katika kundi la 7, na elektroni zake zinazoweza kushiriki katika kuunda bondi ni saba. Hata bila kurudia hesabu, +8 ilipaswa kunishtua.

Tangu siku hiyo, ninapomsaidia mwanafunzi, siachi aanze kwa kukariri kwamba oksijeni ni −2 na haidrojeni ni +1. Ninamweleza kwanza kwamba namba hii si chaji halisi ambayo atomu imeibeba, bali ni namna tuliyokubaliana ya kugawa elektroni: katika kila bondi, jozi inayoshirikiwa tunaikabidhi yote atomu yenye nguvu zaidi ya kuvuta, na zikiwa atomu mbili za elementi moja, kila moja inachukua elektroni moja. Kisha tunalinganisha idadi ambayo atomu imebaki nayo na ile iliyokuwa nayo ilipokuwa peke yake. Aliyeelewa mgawo huu hatasumbuliwa na OF₂, ambamo florini, mvutaji hodari kuliko wote, inaifanya oksijeni iwe +2. Wala hatashangaa kuikuta haidrojeni ikiwa −1 ndani ya NaH, kwa kuwa sodiamu ni dhaifu kuliko haidrojeni.

Wengi hukwama kwenye peroksaidi, yaani kampaundi ambamo oksijeni mbili zimeungana zenyewe kwa zenyewe. Katika H₂O₂ kila oksijeni inachukua elektroni ya haidrojeni iliyo jirani yake, lakini bondi iliyo kati ya oksijeni mbili haina mshindi, kwa hiyo kila moja inaishia −1. Mtego wenyewe hasa unaonekana pale peroksaidi inapojificha. Ukichanganya haidrojeni peroksaidi na daikrometi (ioni ya kromiamu, Cr₂O₇²⁻) iliyotiwa asidi, hupatikana kampaundi ya rangi ya buluu iliyokoza, CrO₅. Mkariri ataandika mara moja kwamba kromiamu ni +10, ilhali elektroni zake za kushiriki katika bondi ni sita. Namba hiyo isiyowezekana ndiyo inayotuambia jinsi molekuli ilivyoungwa: oksijeni nne zimefungana mbilimbili kwa namna ya peroksaidi, kila moja −1, na ya tano peke yake ndiyo −2, hivyo kromiamu inabaki +6, sawa kabisa na ilivyokuwa ndani ya daikrometi.

Namba zenye sehemu, zisizo kamili, pia huwatisha watu bila sababu. Katika Fe₃O₄, yale madini meusi yanayovutwa na sumaku, hesabu inatoa 8/3 kwa kila chuma, na hiyo ni wastani tu wa chuma moja ya +2 na mbili za +3. Wastani ukiwa namba kamili ndipo unapodanganya zaidi, maana hauamshi shaka: katika NH₄NO₃ naitrojeni inatoa wastani wa +1, ilhali moja ni −3 na nyingine ni +5. Zitenganishe ioni kwanza, kisha ukokotoe.

Madhara ya kosa langu niliyaona vizuri baadaye, tulipofanya titresheni ya oksaleti (C₂O₄²⁻), yaani kupima kiasi chake kwa kuidondoshea pamanganeti kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo, katika mmumunyo wa moto wenye asidi. Manganizi hushuka kutoka +7 hadi +2, yaani hupokea elektroni tano. Kaboni mbili za oksaleti hupanda kutoka +3 hadi +4, yaani hutoa elektroni mbili kwa jumla. Kwa hiyo pamanganeti mbili humaliza oksaleti tano. Aliyeandika +8 angehesabu elektroni sita, uwiano wake ungekuwa moja kwa tatu, na kiasi cha oksaleti alichokikokotoa kingezidi kile cha kweli kwa asilimia 20, hata kama bureti yake aliisoma bila kosa lolote.