Kuwatazama Yatima Si Kuwapelekea Sukari Tu

Kwa miaka sita akina mama wa kanisa letu hapa Morogoro tulikuwa tukienda makao ya watoto kila Desemba. Mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kujipaka. Tunaimba, tunaomba, tunawapakata wadogo, tunapiga picha, tunarudi. Wale wakubwa walikuwa wakitushushia mizigo na kutupangia viti.

Mmoja wao, wa miaka 11, kila tulipofika alivaa shati lile lile jeupe, amelifunga hadi kifungo cha shingoni. Siku moja tukichambua mchele pamoja akaniuliza bila kuinua macho: "Mama, wanaokuja kuchukua watoto huwa wanataka wadogo tu?" Nikamjibu maneno ya kungoja wakati wa Mungu. Jibu lile linaniuma hadi leo. Safari iliyofuata shati hakulivaa.

Yakobo 1:27 inatutuma kuwatazama yatima katika dhiki yao. Nasi tunajua kumtazama mgonjwa maana yake nini: unakaa naye, unauliza kala nini, kalala vipi, kesho unarudi. Watoto wale tulikuwa tukiwatazama kwa macho.

Kama imani yako inakusukuma kuwasemea watoto wakubwa hawa ili nao wapate wazazi, usianze nilipoanzia mimi. Nilirusha picha ya yule wa shati jeupe kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na chini yake nikaandika jinsi mama yake alivyofariki. Amina zikamiminika, lakini hakuna aliyekuja, na habari ikafika shuleni kwake. Nilimwomba radhi, akaitika "haya" tu. Habari za mtoto ni zake. Mwenye nia ya kweli atazisikia kwa afisa ustawi wa jamii, tena kwa faragha.

Huko ustawi wa jamii ndiko pa kuanzia, maana kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, hakumalizwi na mchungaji wala msimamizi wa makao. Amri hutolewa na mahakama. Na uliza kwanza kama yupo bibi au mjomba. Wako wanaoitwa yatima ambao ndugu zao wanawataka, kilichowashinda ni ada na chakula. Jirani yangu Mwislamu, ambaye siku hizi tunafuatana katika kazi hii, kwao ni kafala: unamlea mtoto kama wako, naye anabaki na ubini wa baba yake.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mwombaji asiye ndugu awe amevuka miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Pigeni hesabu. Mtoto wa miaka 11 anahitaji mtu wa 32 kwenda juu. Hapo nikaacha kuwasumbua maharusi wapya, nikawaendea wenye miaka 45 na 50, waliokwisha kusomesha wa kwao na vyumba vimebaki vitupu. Wengi hawakuwahi hata kuulizwa!

Naye mtoto aulizwe. Kifungo cha 11 cha sheria hiyo kinampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kijana wetu alipoulizwa, alitaka kujua jambo moja: kama nyumba ile ina mbwa.

Familia nazo ziambieni ukweli mapema. Wazazi waliompokea, kwanza kwa malezi ya kambo, yaani kumlea nyumbani kabla ya kumwasili, walikuta chapati zimefichwa kwenye begi la shule, na miezi ikapita kabla hajatamka "baba". Wiki ya kwanza kanisa zima lilijaa sebuleni. Mwezi wa tatu, mama yule alipolia jikoni, tulikuwa wawili. Basi panga watu wa mwezi wa tatu, wa kumchukua mtoto Jumamosi ili mama apumzike.

Juzi nilipita kwao. Nilimkuta kifua wazi, anabishana na mama yake zamu ya kuosha vyombo ni ya nani.