Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Barabara Hufungwa Jua Likiwaka

Moorhead, Minnesota

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako nimeupata, na nimeona afadhali nikujibu kwa barua, maana simu zetu huishia kwenye salamu na habari za wajukuu. Umeniuliza iweje wakufungie barabara kuu ya I-94 pale Jamestown, North Dakota, ukiwa na mzigo wa kupeleka Billings, Montana, ilhali theluji iliyoanguka haikufika hata kwenye kifundo cha mguu na jua linawaka. Ukaongeza kwamba umeshaendesha lori milimani Colorado theluji ikiwa ya magotini, ukafika salama, na kwa hiyo unashuku kuwa watu wa North Dakota ni waoga. Nimeishi katika bonde hili la Red River tangu ukiwa shule ya msingi, nikienda kazini zamu za usiku, na nakuambia kwamba si woga.

Kwenye tambarare za huku, theluji yenyewe si ya kuogopwa sana. Cha kuogopwa ni upepo. Mji wa Fargo, hapo ng'ambo ya mto upande wa North Dakota, hupata kama sentimita 127 za theluji kwa msimu mzima wa baridi, karibu nusu ya ile inayoanguka Buffalo, New York. Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa ya Marekani, inapotangaza tufani ya theluji, haiulizi theluji imeanguka kiasi gani wala baridi imefika nyuzi ngapi. Inaangalia kama upepo umefika kilomita 56 kwa saa au zaidi, kama theluji inayopeperuka inazuia macho yasione mbele zaidi ya mita 400, na kama hali hiyo itadumu kwa saa 3 au kupita. Basi. Theluji hiyo inaweza kuwa ilianguka wiki iliyopita, katika shamba la mtu usiyemjua, na leo ndiyo inavuka barabara. Umepata kufika Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ukaona upepo wa kule unavyonyanyua vumbi na kuifuta njia mchana kweupe. Hakuna aliyekuuliza siku hiyo kama vumbi limeanguka kutoka mbinguni.

Ukitaka kujua upepo huo unapata wapi nguvu, angalia ramani. Kutoka Aktiki kushuka hadi hapa hakuna safu ya milima inayokatiza njia. Hewa baridi na nzito inayojikusanya kaskazini mwa Kanada wakati wa usiku mrefu wa kipupwe huteremka kusini bila kizuizi, na inapokutana na kitovu cha mgandamizo mdogo wa hewa kinachopita, tofauti ya mgandamizo kati ya pande hizo mbili ndiyo inayouvuta upepo. Vitovu vingi vya namna hiyo huzaliwa Alberta, mashariki mwa milima ya Rocky, navyo hupita mbio: theluji yao ni kidogo, upepo wao ni mkali, na nyuma yao hufuata baridi ya kukata maini. Bonde letu nalo ni sakafu ya ziwa la kale la Agassiz, lililotokana na kuyeyuka kwa barafu kuu na kukauka maelfu ya miaka iliyopita. Sijaona mahali pengine palipo bapa namna hii. Mavuno ya viazisukari na soya yakishatolewa na ardhi kulimwa, hakuna kitu cha kuushika upepo isipokuwa mistari ya miti. Mingi ya mistari hiyo ilipandwa kuanzia miaka ya 1930 kwa mpango wa Rais Franklin Roosevelt, uliotoka North Dakota mpaka Texas. Utaona pia kwamba theluji ya mitaroni huku mara nyingi ni nyeusi. Huo ni udongo wa mashamba uliosafiri pamoja nayo.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu hili linakuhusu wewe dereva wa lori kuliko mtu wa gari dogo. Theluji inayopeperushwa kutoka ardhini hukaa chini. Sehemu yake kubwa haipandi kupita urefu wa mtu. Wewe umeketi juu. Kutoka kwenye kiti chako utaona nguzo za umeme, utaona paa la ghala la nafaka kilomita kadhaa mbele, utaona mbingu ya samawati, na moyo wako utakuambia njia iko wazi. Lakini kule chini, ndani ya ule mkeka mweupe unaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kuna gari dogo lililosimama kwa kuwa dereva wake haoni hata boneti yake mwenyewe. Hivyo ndivyo magari yanavyorundikana kwenye I-29 na I-94 siku za jua. Halafu, ukiutazama mkeka ule kwa muda, macho hudanganyika, ukadhani lori lako ndilo linaloteleza kwenda pembeni, na mkono ukageuza usukani bila wewe kutaka. Trela likiwa tupu, upepo wa ubavuni haungoji kosa lako, hulilaza mtaroni.

Wala usitegemee chumvi. Baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sifuri za Selsiasi, chumvi ya kawaida huanza kuishiwa nguvu, na wakati upepo unavuma inaweza hata kudhuru, kwa kuwa theluji kavu ambayo ingepita juu ya lami kavu hunasa penye unyevu na kugeuka barafu. Ndiyo maana wakati mwingine unaona magari ya kusukuma theluji yamerudishwa karakana. Nayo hayaoni.

Watu wa hapa hawakujifunza haya vitabuni. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilianza kwa hewa ya upole, watu wakatoka na nguo nyepesi, watoto wakaenda shule. Kisha baridi ya kaskazini ikaingia ghafla na upepo wake, na inakadiriwa watu zaidi ya 200 walikufa, wakiwemo wanafunzi wengi waliokuwa njiani kurudi nyumbani. Mwezi Machi 1920, karibu na mji wa Center, msichana wa miaka 15 aitwaye Hazel Miner alikuwa kwenye kigari cha kuteleza kinachovutwa na farasi, pamoja na mdogo wake wa kiume na wa kike. Baba yao alikuwa amefika shuleni kuwachukua, akaenda kumtoa farasi wake tu, na aliporudi hawakuwapo. Farasi wao alikuwa ameondoka nao wakamezwa na weupe. Kigari kilipinduka. Hazel aliwatandikia wadogo zake mablanketi, akawafunika kwa mwili wake, akawa anawasihi wasilale. Walipopatikana siku ya pili, wadogo walikuwa hai, yeye amekwisha kufa. Mwanangu, tafakari umbali uliowatenganisha na baba yao. Ulikuwa wa kwenda kumfungua farasi na kurudi.

Umeniuliza pia kwa nini barabara ilibaki imefungwa hata baada ya upepo kupungua. Kwanza, wanahitaji muda wa kuwatafuta waliokwama. Pili, baridi kali zaidi huja tufani ikishapita. Mawingu yakiondoka na upepo ukitulia, joto la ardhi hupanda angani usiku kucha bila kifuniko, na asubuhi utaliona jua likiwa na madoa mawili ya mwanga, moja kila upande, kutokana na chembe za barafu zinazoelea hewani. Linapendeza, lakini ukivuta pumzi vinyweleo vya puani huganda. Hapo ndipo dizeli isiyotiwa dawa inapokuwa kama uji mzito na lori kuzimika. Jimbo la North Dakota limewahi kufika nyuzi 51 chini ya sifuri, mjini Parshall, Februari 1936. Hata bila kufika huko, hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 tu kwa saa humpokonya mtu joto sawa na baridi ya nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Upepo wa tufani ni zaidi ya mara mbili ya huo.

Kwa hiyo, ikitokea umekwama, usitoke kwenye lori kwenda kutafuta msaada, hata kama taa za nyumba uliziona dakika moja iliyopita. Washa injini kama dakika 10 kila saa, ukihakikisha kwanza kwamba bomba la moshi halijazibwa na theluji, na ufungue dirisha kidogo upande usio na upepo, kwa sababu ile gesi ya injini haina harufu na huua mtu akiwa amelala. Funga kitambaa chekundu mahali pa kuonekana. Weka blanketi mbili, koleo, chakula kikavu, na viatu vya baridi ndani ya chumba cha dereva, si kwenye trela. Mimi huongeza mshumaa mnene ndani ya kopo la kahawa. Vijana hucheka, lakini mwali ule mdogo huyeyusha theluji ya kunywa.

Kabla ya kuondoka Fargo piga 511, nambari ya kuuliza hali ya barabara, au tazama ramani ya barabara za jimbo, na ukiona wameandika kwamba safari haishauriwi, ichukulie kama imefungwa. Msimamizi wako akikusukuma, mpigie picha lile geti lililoshushwa kwenye njia ya kuingilia I-94 na umtumie. Kulipita ni kosa la faini, na atakayelipa si yeye. Ukifungiwa tena upande huu wa Jamestown, rudi ulale hapa nyumbani. Waya wa kuchomekea hita ya injini uko barazani, nimekwisha kuujaribu.

Wasalimie mkeo na watoto.

Mama yako