Kabla ya Kuandika Draiva Mpya ya Kioo cha Kugusa

Anayetaka kioo cha kishikwambi kiitikie kidole chini ya Linux huwa na pupa ya kufungua faili tupu na kuanza kuandika draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Ushauri wangu, baada ya kuhangaika na vishikwambi vya mtumba hapa Unguja, ni kuwa aghalabu draiva imeshaandikwa, na kinachokosekana ni maelezo ya namna chipu ilivyounganishwa katika kifaa chako.

Anza kwa kusoma maandishi ya chipu iliyo kwenye utepe wa kioo. Mafundi wa simu wa Darajani watakufungulia kifuniko bila kukipasua kioo, na kazi hiyo ni afadhali uwaachie wao. Ukiona jina la Goodix au Silead, watengenezaji wa chipu za kugusa, litafute katika folda ya drivers/input/touchscreen ndani ya msimbo wa kerneli, kiini cha Linux.

Chipu nyingi za Goodix hutumia basi la I2C, njia ya nyaya mbili ya kupitishia data kati ya chipu, na anwani, yaani namba ya kuiitia chipu, huamuliwa chipu inapowashwa upya: waya wa intarapti, ambao chipu huutumia kuashiria mguso, ukiwa na volti ya chini, anwani huwa 0x5d; ukiwa na volti ya juu, huwa 0x14. Ukiutaja waya usio wake katika faili la dts, lile lenye maelezo ya namna chipu ilivyounganishwa, chipu hunyamaza kabisa, na mtu akadhani imeungua. Hapa ndipo pa kutulia na kupima kwa mita. Chipu ikishaitika, draiva husoma rejista 0x814E, kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu, kujua vidole vingapi vimegusa, kisha huandika sifuri humo kuonyesha kuwa habari imechukuliwa.

Silead nayo hudai ilishwe faili la famuwea, programu inayoendesha chipu yenyewe, kila inapowashwa.

Kidole kikienda kulia na alama ikaenda kushoto, usiguse hesabu za draiva. Ongeza touchscreen-inverted-x katika dts. Pima kwa evtest, programu inayoonyesha kila mguso unaofika kwenye mfumo, ambapo kidole kinapoinuliwa ABS_MT_TRACKING_ID, namba ya kukifuatilia kidole, hurudi -1, na ukaushe mkono kwanza, maana jasho la kaskazi huzua miguso isiyokuwepo.

Kabla ya kutuma badiliko lako kwa watunzaji wa kerneli, lipitishe kwenye checkpatch.pl inayokagua mtindo wa msimbo, mtafute mtunzaji anayehusika kwa get_maintainer.pl, utie Signed-off-by, mstari wa jina lako wa kuthibitisha kuwa una haki ya kulituma, na katika maelezo utaje kishikwambi ulichojaribia na toleo la kerneli.