Chaneli zinakatakata kila jioni

SWALI: Shikamoo fundi. Dishi letu halina shida mchana, ila watoto wakirudi shule na kuwasha ruta ya 4G, iliyokaa juu ya king'amuzi, chaneli kama 4 zinakatakata picha alafu zinapotea, zingine zote safi kabisa. Fundi wa mtaani anataka nibadilishe LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi. Nibadilishe? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue kitu bado! LNB ikifa haichagui saa ya watoto kurudi. LNB inashusha mawimbi ya setilaiti mpaka kati ya 950 na 2150 MHz ndo yanashuka na waya, sasa 4G nyingi ziko bendi inayoitwa 1800 na ruta yenyewe inarusha kwenye 1710 hadi 1785 MHz, yaani humohumo, kwa hiyo chaneli ya masafa ya 12350 MHz LNB ikiitoa 10600 inakua 1750 na inagongana na ruta, ndo maana zinaumia chache tu.

Fungua ukurasa wa signo kwenye king'amuzi, zima ruta, angalia kwoliti, yaani ubora wa signo. Ikipanda umeshampata mchawi. Isogeze ruta mita 2 au 3, hata chumba kingine. Alafu chomoa kile kichwa cha waya nyuma ya king'amuzi ukiangalie, mara nyingi utakuta zile nyuzi za nje zimekatwa zote au kichwa kinacheza, na hapo ndo mawimbi ya ruta yanapoingilia. Weka kichwa kipya cha kukaza vizuri, waya ukiwa mwembamba au umeungwa kwa selotepu ubadilishe wote. Simu nazo msiziweke juu ya king'amuzi.