Maswali ya gereji: bagi la kujijengea Mbeya, kuanzia mabomba hadi jeti

Mwezi huu karibu maswali yote ni ya bagi: lile gari la fremu ya mabomba, tairi pana, injini nyuma na bodi ambayo ni kama haipo. Nimechagua yanayowagusa wengi, na nimeyafupisha. Wengi mmeuliza habari za nguvu ya injini. Mtanisamehe, nitaanzia kwingine.

Shikamoo fundi. Nipo Tukuyu na nataka kujenga bagi langu la kwanza. Naona huko nje wanatumia Volkswagen Beetle. Je, nitafute hiyo au kuna njia nyingine? Ndaga fijo.

Marahaba, mdogo wangu. Wanatumia Beetle kwa sababu mambo yalianzia hapo. Mwaka 1964 Bruce Meyers, mjenzi wa boti kule California, alitengeneza bodi nyepesi ya faibaglasi na kuivisha mashine za Beetle. Mabagi yake yaliyofuata, Meyers Manx, yalikaa juu ya sakafu ya Beetle iliyofupishwa kama sentimita 36. Injini ipo nyuma, uzito unakaa juu ya tairi zinazosukuma, na inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe. Kwa mchanga ni gari zuri sana.

Lakini kwetu Beetle iliyo hai siku hizi ina mwenyewe, na mwenyewe anaipenda. Kuikata mimi naona dhambi. Tafuta Starlet au Corolla 110 iliyogongwa mbavuni au iliyooza sakafu, ambayo injini yake bado inawaka. Gari lenyewe linavutwa na tairi za mbele, kwa hiyo injini, gia boksi na draivu shafti vyote vimekaa pamoja. Unashusha mzigo wote huo na kuupeleka nyuma ya kiti cha dereva.

Usiugeuze. Ukae ukiangalia mbele kama ulivyokuwa. Ukiuzungusha ili "ukae vizuri" utapata gari lenye gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma. Pili, tairi hizo zilikuwa zinakata kona, na tairodi zake, zile fimbo za usukani, bado zipo. Lazima uzifunge kwenye fremu kwa mkono imara wenye boljointi na nati ya kurekebishia, tena sambamba na mkono wa chini. Hapo ndipo mabagi mengi ya vijana yanapoharibikia: tairi ya nyuma inajikatia kona yenyewe kila ikiruka tuta, na dereva anadhani shida ni shokapu.

Ukiweza, chukua gia ya mkono inayotumia nyaya. Waya mrefu unapatikana au unaungwa, kuliko kuhangaika na fimbo zenye viungo vitatu. Ya otomatiki nayo inafaa kwa anayeanza, ila mchangani oili yake inachemka haraka, kwa hiyo iwekee kipoozeo chake. Na usinunue gari bila kadi yake, hata likiwa mfupa mtupu.

Kamwene. Fundi wangu wa Ipogolo, Iringa, anasema mabomba ya maji ya inchi moja na nusu yanatosha kwa fremu, na bei ni poa. Ni kweli?

Kamwene. Si kweli, na sitazunguka.

Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji. Lina mshono, chuma chake hakina ahadi yoyote ya ugumu, na limepakwa zinki. Ukilichomelea, zinki inatoa moshi mweupe, na jioni fundi anaanza kutetemeka na homa kama ya malaria. Vijana wa gereji hunywa maziwa wakiamini yanaosha kifua. Maziwa hayafiki kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kutochoma zinki kabisa, kufanya kazi penye hewa, na kumwona daktari kifua kikibana.

Kwa fremu inayolinda kichwa chako, angalia kanuni za magari ya mashindano za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari: upinde mkuu nyuma ya kiti uwe bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Hukimbii mashindano, lakini ukipinduka, ardhi haijui kwamba ni burudani tu. Likikosekana Iringa, agiza Dar pamoja na mzigo wa mwenzako. Nenda na kipimo cha kupimia unene, maana bomba la "mbili na nusu" la dukani mara nyingi ni mbili kasoro.

Sasa kiungo. Ncha ya bomba isikatwe mraba halafu pengo lijazwe rodi. Ikatwe kwa grenda na kumalizwa kwa tupa mpaka iwe na mdomo unaokumbatia bomba jingine, mwanga usipite. Kabla fundi hajagusa fremu, mpe vipande viwili vya bomba lilelile aunge kiungo kimoja cha mfano. Kikipoa, kikate katikati kwa msumeno wa chuma, kisugue na msasa, ukitazame juani. Ukiona mstari mweusi kati ya weldi na bomba, au weldi imelala juu tu kama ute, moto ulikuwa mdogo au mkono ulikimbia. Arudie mbele yako hadi mstari upotee. Fundi mzuri hakasiriki na jambo hili. Anayekasirika amekuokolea pesa.

Na kila mraba kwenye fremu uwe na bomba la kukata kona kwa kona. Fremu ya miraba mitupu inalala upande siku ya kwanza ya mashimo.

Nimenunua bagi lililojengwa Dar, injini 1600 ya kabureta. Kule lilikuwa moto wa kuotea mbali. Hapa Uyole linakohoa, linatoa moshi mweusi na halishibi mafuta. Nimeuziwa kimeo?

Hujauziwa kimeo, kaka. Limepanda mlima tu.

Kwanza ondoa mambo madogo: filta iliyoziba na choki iliyoganda vinaleta moshi uleule. Kama viko sawa, tatizo ni hewa. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Kabureta haina habari hiyo. Inaendelea kumimina mafuta karibu kama ilivyozoea pwani, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia nane au tisa. Ndiyo moshi wako.

Dawa ni jeti kuu, kile kipande chenye tundu linalopitisha mafuta ndani ya kabureta, iliyo ndogo zaidi. Kwenye Weber na Solex, namba iliyochongwa kwenye jeti ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 130 ni milimita 1.30. Kama bagi lilikuja na 130, anza na 125. Inaonekana kama kupunguza kiduchu, lakini eneo la tundu limepungua karibu asilimia nane, ambazo ndizo unazozitafuta. Tafadhali usikubali fundi azibe jeti kwa risasi na kuitoboa upya kwa waya wa breki. Hutajua tena una namba gani.

Kisha soma plagi. Weka plagi safi, pasha injini, panda kilima kirefu gia ya tatu ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, halafu kwa pamoja kanyaga klachi na uzime. Usiache irudi sailensa, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta, itakupaka masizi ya uongo. Fungua plagi palepale. Masizi makavu meusi, bado nzito. Rangi ya kahawia kuelekea kijivu, umefika. Nyeupe kama chaki, umepunguza mno, rudisha. Baada ya hapo rekebisha skrubu ya sailensa, na unaweza kusogeza taimingi (wakati wa cheche ya plagi) mbele digrii mbili tatu, ukisikiliza injini isigonge unapopanda.

Ila nisikudanganye. Jeti inaondoa moshi na ulafi, hairudishi nguvu yote. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, basi. Ukitaka mwendo, vua uzito, au weka tairi fupi kidogo ili gia zipate nafuu.

Na hapa wengi huungua: ukishuka Matema, Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Jeti ya Mbeya kule ni ndogo: hewa ni nzito tena, na mafuta hayatoshi. Injini itakuwa nyepesi na tamu, utafurahi, halafu joto litatoboa pistoni. Beba ile 130 kwenye kichupa, na ukifika Ipinda ibadilishe kabla ya kugusa mchanga. Wenye injini za sindano zenye sensa ya hewa na ya oksijeni ruka aya hii, kompyuta inawafanyia.

Njombe hapa. Nina injini ya Subaru yenye turbo. Niiweke kwenye bagi?

Kwa mwinuko wa Njombe, turbo ina maana kuliko Dar, kwa sababu inarudisha hewa ambayo mlima umeichukua. Na injini ya Subaru imelala, kwa hiyo uzito unakaa chini. Ila kwa bagi la kwanza, hapana. Jenga na isiyo na turbo, ulizoee, halafu ufikirie. Turbo inadai upoozaji, breki na gia boksi ambavyo bado hujavijenga.

Tunaenda mbuga za Usangu kiangazi. Injini yangu ilikula oili baada ya safari moja tu. Vumbi?

Karibu hakika. Injini ikiwa nyuma inavuta hewa palepale tairi zinapotimulia vumbi. Peleka mdomo wa filta juu, usawa wa paa la fremu, ukiangalia mbele au ndani, kamwe usiangalie tairi. Tumia filta ya sponji iliyolowekwa oili, na paka grisi kidogo kwenye ukingo inapokaa. Ukirudi, fungua bomba baada ya filta na upitishe kitambaa cheupe. Kikitoka na unga wa udongo, hewa inapita pembeni ya filta, na pete za pistoni zinasagwa. Fanya hivyo kila safari.

Rejeta nayo ukiiweka mbele na injini nyuma, mabomba marefu yanashika hewa. Mdomo wa kujazia maji uwe mahali pa juu kuliko pote, na weka kiruhusu hewa kwenye kila kilele cha bomba. Maji matupu kwenye mwinuko wa Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea ambao Dar ungeuvumilia, huku hautakusamehe.

Habari fundi. Mume wangu anajenga bagi hapa nyumbani Chunya, na watoto wameshaahidiwa kupanda. Mimi nina wasiwasi. Nimuulize nini?

Nzuri dada, na wasiwasi wako una akili. Muulize mambo manne. Mikanda imefungwa kwenye fremu, au kwenye kiti tu? Iwe kwenye fremu, na ile ya mabega ipite karibu usawa wa bega, isishuke mbali nyuma ya kiti, maana itakandamiza uti wa mgongo. Tangi la mafuta limetengwa na abiria kwa bati zima? Kuna wavu pembeni wa kuzuia mikono? Gari likipinduka, mkono unatoka wenyewe kutafuta ardhi, na fremu inaulalia.

La nne ni breki. Gari la kuvutwa mbele lina vali inayopunguza presha ya breki za nyuma, na mabomba yake yameunganishwa kimshazari. Kwenye bagi uzito umehamia nyuma, kwa hiyo mpangilio huo haufai. Ayaunganishe upya, mbele peke yake na nyuma peke yake, kisha ajaribu uwanjani polepole: tairi za mbele zifunge kidogo kabla ya za nyuma. Zikitangulia za nyuma, bagi litageuka lenyewe.

Mtoto ambaye mkanda haumkai sawasawa asipande. Ahadi inaweza kusubiri mwaka.

Naweza kulipeleka mjini, Mwanjelwa hadi Mbalizi?

Bila usajili, hapana. Usajili ni wa TRA, na ukaguzi wa gari ni wa polisi wa usalama barabarani. Nenda kawaulize kabla hujakata chesisi, siyo baada, na hifadhi namba ya chesisi na ya injini. Wengi tunalipandisha kwenye Canter mpaka shambani. Na Kitulo sahau: ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua yale hayapitiwi na tairi.

Presha ya tairi kwenye mchanga wa Matema?

Bagi jepesi la kilo 600 hivi, anza na psi 15, mchanga ukiwa laini shuka hadi 12. Chini ya hapo tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Piga mwendo mfupi, shuka, tazama alama: ikiwa pana na haijachimba, umepatia. Beba pampu, kwa sababu fundi pancha wa karibu hana hakika ya kuwepo Jumapili.